Protase Kyaruzi na Kuranami ya Chuo

Ndugu Protase Kyaruzi, mkufunzi wa useremala na kiongozi wa bendi ya chuo, anastaafu leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kututumikia miaka thelathini na mitano kasoro siku moja. Hiyo siku moja ameitaja mwenyewe mara tatu wiki hii, utadhani sisi ndio tuliomwibia.

Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Ashura Twaibu, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Kwanza, nimefanya kazi naye miaka ishirini na saba. Pili, wenzangu wote walioombwa kabla yangu walikumbuka ghafla kwamba wana wagonjwa nyumbani. Nikaambiwa niandike kwa staha. Nitajitahidi, ila nimekaa stoo muda mrefu na huko staha huwa haigawiwi.

Protase alizaliwa Buganguzi, wilayani Muleba, mwaka 1965. Ukimsikiliza yeye, huko Buganguzi migomba huzaa bila kupaliwa, kahawa hujichuma yenyewe, na mtu asiye na akili huhamishiwa Bukoba mjini. Alifika chuoni kwetu hapa Kahororo, Bukoba, Julai 1990 akiwa na sanduku la bati, suti ya rangi ya maziwa na Kiingereza alichokuwa akikitumia hata kwa mlinzi wa getini, ambaye alikuwa akimjibu kwa Kihaya bila kujali.

Kazi yake haina doa na ninaikubali, ingawa sipendi kumpa nafasi ya kulisikia hilo. Nusu ya milango ya Kahororo imetengenezwa na watu aliowafundisha. Katika miaka yangu yote stoo sijaletewa kiti chake kilicholegea. Viti vya wakufunzi wengine ninavyo rundo zima, na wenyewe wapo hapa ukumbini, wamekaa kwenye vya Protase.

Tatizo la Ndugu Protase ni mdomo. Cheti cha semina ya wiki mbili aliyohudhuria Mwanza amekitia fremu kubwa kuliko ya picha ya harusi yake. Amejisifia viatu, watoto, kibanja chake cha migomba, hati ya mkono, hata kikohozi chake, eti ni kikohozi cha mtu aliyesoma. Hakuna sifa iliyompita karibu asiidake. Kwa hiyo msomaji atashangaa kusikia kwamba ipo sifa moja, tena kubwa kuliko zote, aliyoikana kwa miaka ishirini na nne. Sifa hiyo ndiyo iliyotaka kumwondoa hapa mikono mitupu.

Wote mnalifahamu gitaa la umeme la chuo, lile jekundu lenye kibati kichwani kilichoandikwa Kuranami. Lililetwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, Bwana Taniguchi, ambaye alipomaliza muda wake mwaka 1990 aliliacha liwe mali ya chuo. Likapewa namba ya mali kwa rangi nyeupe, likaingizwa kwenye rejista. Bwana Taniguchi na Protase walikaa pamoja miezi mitatu tu kabla ya kuagana. Katika miezi hiyo mitatu, kwa Kiswahili cha mgeni na Kiingereza cha Protase, ilisimuliwa historia ya kiwanda cha Kuranami. Mungu atusamehe, tangu siku hiyo hatukupumzika.

Kila mwaka wa masomo ulipoanza, kabla ya kufundisha kushika randa, Protase alifundisha Kuranami. Mzee Kuranami, alisema, alikuwa mwanamuziki mkubwa katika mji wa milimani. Alilala, akaota gitaa linalopiga kelele bila kupigwa kwa nguvu, akaamka, akaanza kuchonga. Katika masimulizi ya mwaka 1990 mzee huyo hakuwa na zaidi ya hapo. Ilipofika mwaka 2000 alikuwa na kibanja cha migomba. Ilipofika 2010 alikuwa ameacha seminari ili amtumikie Mungu kwa muziki, na ana binti saba, wote wanaimba kwaya. Mjapani wa watu alikuwa amebakiza kidogo tu abatizwe Buganguzi.

Wageni walioletwa kulisikiliza gitaa hilo nao hawakuwa na nafuu. Mkaguzi mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado anakuja, aliligonga kwa kidole, akafumba macho, akatangaza kwamba mbao kama hizi haziwezi kupatikana Afrika. Protase akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa mlangoni na boksi la misumari, nikajiuma ulimi.

Nilijiuma kwa sababu nilikuwa najua. Mwaka 2001 bendi ilikwenda kupiga kwenye harusi Muleba. Walipofika, Protase aliliegemeza gitaa kwenye tairi la gari la chuo, akaenda kusalimia wazee. Sasa, anayejua salamu za Kihaya zinapokutana na mtu mwenye suti anajua muda uliotumika. Dereva alirudisha gari nyuma, na shingo ya gitaa ikakatika vipande vitatu.

Jumatatu yake alikuja stoo na vipande kwenye kiroba, uso umemshuka. Nikamweleza utaratibu. Kitu cha serikali kikivunjika hakitupwi. Kinakaa stoo na lebo mpaka kamati ya kufuta mali chakavu iketi, na kamati ikiketi swali lake la kwanza ni nani amevunja. Protase aliniomba, waitu, yaani tafadhali, nisimwandike. Nami, nikiwa mjinga wa umri wa miaka thelathini, nilikubali. Nikavitundikia lebo vipande vyake, nikaviweka nyuma ya mapipa ya rangi, nikingoja kamati iketi. Kamati hiyo bado haijaketi hadi leo ninapoandika.

Akaenda kwao Buganguzi likizo ya Pasaka, akarudi na shingo mpya ya mvule, uliokatwa kwenye kibanja cha baba yake. Akaifunga, akarudishia kile kibati, bendi ikapiga, na watu wakasema Wajapani hawana mchezo.

Mwaka 2006 mchwa walikula kiwiliwili. Alikuwa amelifungia gitaa kabatini likizo nzima na kuondoka na ufunguo kwa sababu hakumwamini mtu, na mchwa hawahitaji ufunguo. Akachonga kiwiliwili kingine kwa mti wa muhumula, akakipaka rangi nyekundu, na namba ya mali akaiandika upya kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 2011 radi ikaunguza koili zinazonasa sauti. Akazisuka upya kwa waya wa mota ya pampu iliyokufa. Vikazio vya nyuzi vilipochakaa akatengeneza vingine, na vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingoni akavikata kutoka kwenye fimbo za shaba za kuchomelea. Kila kilichotoka kililetwa stoo kwenye kiroba, nami nilikitundikia lebo. Kufikia mwaka 2013, Japani ilikuwa imebaki kwenye kibati na skrubu zake mbili.

Nilimwuliza mara moja tu kwa nini haisemi kazi yake, mtu ambaye hujisifia hata kikohozi. Akasema kwamba akimwambia kijana gitaa hili limetoka Japani, atalishika kwa mikono miwili. Akimwambia limetoka Buganguzi, kijana ataliegemeza kwenye tairi. Nilimwona mwoga siku hiyo, nikamdharau. Bado namdharau kidogo. Ila watu aliokuwa akiwaogopa ni sisi.

Sasa tuje mwaka huu. Desturi ya chuo ni kumpa mstaafu mabati, na nyumba ya Protase kule Buganguzi inavuja, mke wake Dativa ameshatuambia sote. Mwezi Februari Protase aliandika barua kwa Mkuu wa Chuo, Bwana Datius, akiomba apewe gitaa badala ya mabati. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, barua yake ilikuwa na mistari minne tu.

Bwana Datius angekubali. Lakini wiki ileile alikuwa ameweka picha ya gitaa mtandaoni, na jibu likatoka Japani kwenyewe. Mwanamke mmoja aitwaye Bi. Hanae anaandika kitabu cha historia ya Kuranami. Kasema magitaa ya modeli ile ya mwaka 1966 yamebaki machache mno duniani, naye atakuja Bukoba kuliona. Loo! Mkuu wetu hakulala. Kabati la kioo likaagizwa, kibao kikaandikwa, wapiga picha wakaalikwa. Ombi la Protase likarudi na maneno haya: mali hii ni urithi wa chuo, haitatoka. Na kabati lenyewe la kioo, mabibi na mabwana, alipewa Protase alitengeneze.

Alilitengeneza. Viungo vyake vimekaza kiasi kwamba wembe haupiti. Siku ile sikumcheka.

Bi. Hanae alifika Aprili. Aliwahi kujitolea Morogoro miaka ya nyuma, kwa hiyo Kiswahili anakijua, tena kinanyooka kuliko cha baadhi ya wakuu wa idara. Tulikusanyika karakana, akaombwa aseme machache kuhusu kiwanda. Kumbe Mzee Kuranami hakuwa mwanamuziki. Hakujua kupiga hata uzi mmoja, na kelele zilimuumiza kichwa. Alikuwa na karakana ya kutengeneza makasha ya mbao ya redio. Plastiki ilipoingia, makasha yakakosa wanunuzi, na mwaka 1962 akageukia magitaa ya umeme kwa sababu vijana walikuwa wameyapenda ghafla na mbao tayari alikuwa nazo. Hakuna ndoto wala seminari. Mabinti saba walikuwa mtoto mmoja wa kiume, daktari wa meno. Nilimtazama Protase. Alikuwa akichunguza dari.

Akaendelea. Miaka minne ya mwanzo, hakuna gitaa la karakana ile lililobeba jina la Kuranami. Wenye maduka ya ng'ambo walinunua magitaa, wakabandika majina yao, na dunia ikawasifu wao. Mwaka 1966 ndipo mzee alipochoka, akatengeneza kibati chake. Miaka mitatu baadaye vijana wakahamia mambo mengine, karakana ikafungwa. Ikafufuliwa na wengine, wakaanza kunakili magitaa ya Wamarekani hadi umbo la kichwa, mpaka barua ya mawakili ilipowafikia. Wakabadilisha kichwa, wakatengeneza magitaa mazuri miaka michache, kisha jina likauzwa tena. Siku hizi, alisema, Kuranami ni kibandiko tu kwenye magitaa ya watoto, yanayotengenezwa nchi nyingine na watu ambao hawajawahi kusikia habari za huyo mzee. Kwa hiyo tulichokuwa tukikipigia makofi miaka yote ni jina la mtu aliyechukia kelele. Hongera zetu.

Kisha akaomba kulifungua. Bwana Datius akatabasamu kwa ajili ya picha. Bi. Hanae alifungua skrubu za kifuniko cha nyuma kwa bisibisi ndogo, akamulika ndani, akanusa. Akaanza kusoma polepole maandishi ya penseli yaliyokuwa ndani, mahali ambapo hakuna mtu angeyaona bila kulifungua gitaa.

"P.K., Buganguzi, Agosti 2006," alisoma. "P.K. ni nani?"

Maandishi hayo hata mimi nilikuwa siyajui. Mdomoni Protase alikuwa amelikana gitaa, gizani alikuwa ametia saini. Bwana Datius aliharakisha kusema kwamba pengine ni matengenezo madogo, mambo ya kawaida, na kwamba gitaa liingizwe kwenye kioo picha zipigwe. Protase angenyamaza, siku ingepita salama. Angestaafu na sifa zake zote, na gitaa lingefungiwa ndani ya kabati lake mwenyewe mpaka mchwa wapate njia nyingine. Kama angesema, alikuwa anakiri mbele ya mkuu na kamera kwamba mali ya umma imeharibikia mikononi mwake, ikiwa imebaki miezi miwili astaafu. Nilimwona akiushika ukingo wa meza.

"Ni mimi," alisema. "Hili la Japani lilishakufa. Shingo ni mvule wa kwa baba. Lote nimelichonga mimi."

Bwana Datius alipandwa na hasira mbele ya wageni. Akauliza, kama hili ni la Protase, basi mali ya chuo iko wapi? Akaanza kutaja barua ya maelezo, kamati ya nidhamu, sijui na nini tena. Hapo nikachoka. Nimevumilia mengi katika ajira hii, lakini mtu anayeuliza mali iko wapi bila kumwuliza mtunza stoo amenitukana. Nilikwenda stoo, nyuma ya mapipa ya rangi, nikarudi nikiburuta viroba vitatu, nikavimwaga mezani. Shingo vipande vitatu, lebo. Kiwiliwili kilicholiwa na mchwa, lebo. Koili zilizoungua, vikazio, vyuma, kila kimoja na lebo na tarehe. Nikamwambia mkuu kwamba mali ya chuo ni hii hapa, haijapotea hata skrubu, na kwamba kosa la kutoandika lilikuwa langu pia, kwa hiyo barua ziwe mbili.

Bi. Hanae alikuwa ameshapiga magoti. Aliokota vile vipande kimoja kimoja, akigeuza kiwiliwili kilichotobolewa, macho yamemlowa. Hiki ndicho alichokuwa amesafiri kukitafuta, mbao za mwaka 1966 zenye alama za patasi za karakana ile. Gitaa jekundu hakuligusa tena, isipokuwa kabla ya kuondoka alimwomba Protase alipige, akalisikiliza hadi mwisho, na akamwinamia kwa heshima kama wanavyofanya kwao. Bwana Datius, alipoona mgeni amefurahi, alikumbuka kwamba na yeye amefurahi. Barua hazijaandikwa.

Kilikosekana kitu kimoja tu cha chuo, kile kibati. Protase alichukua bisibisi ya Bi. Hanae, akakifungua mwenyewe, akakiweka juu ya rundo. Leo mkipita jengo la utawala mtaona kwenye kabati la kioo vipande vya mbao vilivyoliwa na mchwa, na kibati kinachong'aa juu yake. Watu wanapiga picha nacho. Siwalaumu, tulishawazoesha.

Baada ya hapo ombi lake likakubaliwa: achague, gitaa au mabati. Akachagua gitaa. Dativa hakumsemesha siku mbili, na ana haki. Kwa hiyo sisi watumishi tumechangishana wenyewe, na mabati yako stoo kwangu. Aje mwenyewe kuyachukua, na asilete hotuba.

Ndugu Protase, kwa niaba ya wote uliowachosha, asante. Asante kwa viti, kwa milango, kwa vijana wanaokula kwa mikono uliyowafundisha kuitumia. Tunakuombea afya, kahawa nyingi, paa lisilovuja, na majirani wenye masikio ya uvumilivu. Mchana huu utatupigia gitaa lenye matundu mawili ya skrubu kichwani, na atakayeuliza limetoka wapi utamjibu mwenyewe, kwa sauti.

Ukitoka, mlinzi atakudai hati ya kutolea mali getini, nami nimeshaiandaa. Gitaa la umeme, moja, jekundu. Mahali pa mtengenezaji nimeandika Protase Kyaruzi, Buganguzi. Nimeandika kwa wino.

Ashura Twaibu
Mtunza Stoo